Tabora: Mji Uliopungukiwa na Kazi, Si Watu

Elimu ya miji, kama inavyofundishwa katika vyuo vikuu vingi, aghalabu hushughulika na kukua. Wanafunzi hufundishwa namna ya kupima viwanja, kutandaza mabomba ya maji na kukadiria idadi ya watoto watakaohitaji shule. Ni hasa baada ya kuungana kwa Ujerumani mbili mwaka 1990 ndipo wataalamu wengi walipoanza kuchunguza kwa bidii jambo lililo kinyume chake, yaani miji inayosinyaa. Mji wa Leipzig, uliokuwa na watu zaidi ya 700,000 katika miaka ya 1930, ulifikia chini ya 440,000 mwaka 1998. Katika Marekani, mji wa Detroit ulikuwa na watu karibu 1,850,000 mwaka 1950. Mwaka 2020 walihesabiwa kama 639,000. Maelfu ya nyumba yalibaki matupu, na mabomba yaliyojengwa kwa ajili ya umati yakawa yanapeleka maji kwa wachache.

Utafiti huo ni wa maana kubwa. Hata hivyo, ukiletwa Tanzania bila kubadilishwa chochote, hautaona kitu. Mtafiti akifika Tabora na kuuliza idadi ya watu, ataambiwa kwamba mwaka 1957 mji huo ulikuwa na watu kama 15,000, mwaka 1978 wakawa 67,392, na katika sensa ya mwaka 2012 manispaa ilihesabiwa kuwa na watu 226,999. Sensa ya mwaka 2022 ilipita 300,000. Kwa kipimo cha Leipzig, basi, Tabora ni mji wenye afya njema, na mtafiti huyo atafunga mkoba wake na kurudi alikotoka.

Lakini yeyote aijuaye historia ya Tanzania ya magharibi ataona kwamba kuna jambo halikupimwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Tabora ilihesabiwa kuwa mji wenye watu wengi kuliko yote katika koloni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki. Leo si wa kwanza, wala si wa pili, wala si wa tatu. Watu wameongezeka, ila kazi ambazo mji uliifanyia nchi nzima zimepungua. Kusinyaa kwa namna hii hakuonekani katika hesabu ya vichwa. Huonekana pale swali linapoulizwa: ni mambo gani ambayo nchi haiwezi kuyafanya ila kwa kupitia Tabora?

Kaze ilikuwa nyumba ya maarifa

Katika karne ya 19 jibu la swali hilo lilikuwa refu. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapo ikaendelea mpaka Ujiji. Mahali palipoitwa Kaze, ambapo leo ni sehemu ya Tabora, palikuwa njia panda. Njia moja ilikwenda magharibi kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kwenye Karagwe na Buganda, nyingine kusini. Pembe za ndovu, chumvi, majembe ya chuma, nguo na shanga zilipita hapo, na kwa aibu ya historia walipita pia watumwa.

Jambo linalosahauliwa ni kwamba kilichohifadhiwa Kaze hakikuwa bidhaa peke yake. Yalihifadhiwa pia maarifa. Mpagazi wa Kinyamwezi alijua umbali wa vituo kwa siku za mwendo, majira ya mvua ya kila nchi, visima vinavyokauka na visivyokauka, na bei ya nguo katika soko la kila mtemi. Wakati Richard Burton na John Speke walipofika Kaze tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani, hawakukuta pori lisilo na habari. Walikuta mahali ambapo maziwa makuu yalikuwa yakijulikana na kuzungumzwa barazani. Mfanyabiashara Snay bin Amir alimpa Burton maelezo mengi sana juu ya nchi, watu na lugha, na sehemu ya maelezo hayo iliingia katika kitabu alichokitoa London mwaka 1860. Ni hapo hapo Kaze ndipo Speke alipopata habari kamili za ziwa la kaskazini. Aliondoka Julai 1858, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza. Katika vitabu vya Ulaya tendo hilo liliitwa ugunduzi.

Yafaa jambo hili litazamwe kisayansi, bila hasira na bila kujidanganya. Burton na Speke walifanya kazi ambayo haikuwa imefanywa: walipima kimo cha nchi kwa kuchemsha maji na kutazama kipimajoto, walikadiria latitudo kwa nyota, wakaandika. Lakini bila wajuzi wa Kaze vipimo hivyo visingekuwa na la kupima. Katika utafiti kulikuwa na pande mbili, na heshima ikaenda kwa upande mmoja. Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza Burton, Speke, Grant, Stanley na Cameron kwa zamu, na ambaye huenda alikuwa miongoni mwa watu waliotembea sehemu kubwa zaidi ya Afrika katika zama zake, alipewa medali ya fedha na Chama cha Kijiografia cha Kifalme cha London, na mwaka 1876 akapewa pensheni. Hiyo ilikuwa hatua ya haki. Hata hivyo alilipwa kama mtumishi mwaminifu. Hakuhesabiwa miongoni mwa wanajiografia.

Hali kadhalika wapagazi. Kwa muda mrefu wanahistoria waliwaeleza kana kwamba walikuwa wanyama wa mizigo. Mwaka 2006 Stephen Rockel alitoa kitabu kinachoonyesha kwamba wengi wao walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye ujuzi, mila za kazi na uwezo wa kupatana juu ya malipo, na kwamba wanawake nao walisafiri katika misafara na kufanya kazi humo. Imechukua zaidi ya karne moja kwa jambo ambalo babu wa Kinyamwezi angeweza kulieleza kwa jioni moja kuingia katika maktaba.

Reli ilileta nini, ikachukua nini

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Ulifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ni kawaida kusema kwamba reli huleta maendeleo, na kwa sehemu ndivyo ilivyokuwa. Lakini reli ile ile iliyoifikia Tabora ndiyo iliyoiondolea kazi yake ya kwanza. Gari moja la mizigo lilibeba uzito ambao ungehitaji mamia ya wapagazi, na msafiri wa Kigoma hakuhitaji tena kukaa Unyanyembe kwa wiki kadhaa akingoja watu wa kumbebea mizigo. Wanaume wa Kinyamwezi, waliokuwa wamezoea kwenda pwani kama wapagazi wenye kupatana bei, wakaanza kwenda huko kama vibarua wa mashamba ya mkonge.

Miji mingine ya njia ya misafara ilipatwa na mabaya zaidi. Bagamoyo ilikuwa imekwisha kupoteza makao makuu ya serikali yaliyohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Kilimatinde, uliokuwa na boma la Wajerumani, uliachwa pembeni na reli, na Manyoni ukakua badala yake. Ujiji ukapitwa na Kigoma, ambao ndio uliopata stesheni na bandari.

Tabora haikufa. Wakoloni Waingereza walijenga hapo shule iliyofunguliwa mwaka 1925, ambako Julius Nyerere alisoma kuanzia mwaka 1937 hadi 1942. Mwaka 1928 njia ya reli ya Mwanza ilikamilika, na mji ukawa tena njia panda. Mwezi Januari 1958 mkutano wa TANU uliofanyika Tabora ndio uliopitisha uamuzi wa kushiriki katika uchaguzi wa kura tatu, uamuzi ambao uliiharakishia nchi uhuru. Kwa hiyo mji ulipata kazi mpya, nayo ilikuwa ya kuelimisha na kuamua. Shule na vyuo vimebaki. Lakini mhitimu wa shule hizo, akitaka kufanya kazi ya sayansi, kwa kawaida hupanda gari moshi au basi na kwenda Dar es Salaam, Morogoro au Arusha. Mji hufundisha, na miji mingine hutumia.

Mfano wa Mpwapwa

Je, sayansi yaweza kuupa kazi mji ulioachwa na njia? Jibu halihitaji kutafutwa Ulaya. Linapatikana kwenye njia ile ile ya misafara.

Mpwapwa palikuwa kituo mashuhuri ambapo misafara ilijipatia maji na chakula kabla au baada ya kuvuka nyika kavu za Ugogo. Reli ilipojengwa haikupita Mpwapwa. Ilipita kusini, Gulwe. Kwa mantiki ya biashara peke yake, Mpwapwa ungepaswa kufifia kama Mamboya. Ulichopata badala ya stesheni ni kituo cha utafiti wa mifugo na maabara ya magonjwa ya wanyama. Humo, katikati ya karne ya 20, palizalishwa aina ya ng'ombe inayoitwa Mpwapwa, kwa kuchanganya zebu wa nyumbani na Boran, Sahiwal na Sindhi wekundu wenye asili ya Bara Hindi, pamoja na damu kidogo ya Ayrshire. Shabaha ilikuwa kupata ng'ombe atoaye maziwa na nyama ya kutosha bila kushindwa na ukame na maradhi ya nchi kavu. Utafiti wa mifugo unaendelea hapo hadi leo, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania.

Mpwapwa si mji mkubwa, na si vema kutia chumvi. Lakini una jambo ambalo nchi inalihitaji na ambalo linatoka kwake. Kituo cha utafiti huajiri watunza mifugo, mafundi wa maabara, madereva na makarani, huvuta vyuo, huufanya mji utajwe kwa kitu unachokitoa. Tena jina la mji limeingia katika elimu ya sayansi, kwa sababu ng'ombe huyo huitwa kwa jina lake popote anapotajwa.

Msitu na wajuzi wake

Tabora nayo ina vituo. Tumbi, karibu na mji, pana kituo cha utafiti wa kilimo ambacho sasa kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, na hapo hapo pana taasisi ya utafiti wa tumbaku. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina kituo Tabora. Chuo cha ufugaji nyuki kimekuwapo tangu mwaka 1978. Kwa hiyo si kweli kwamba hakuna sayansi. Swali ni nani anaingia katika sayansi hiyo, na kwa mlango upi.

Mfano mzuri ni msitu wa miombo unaouzunguka mji. Miti yake mikuu, kama vile mtundu na muyombo, huishi kwa ushirika na uyoga. Nyuzi nyembamba za uyoga huizingira mizizi midogo ya mti. Huupatia mti maji na madini, hasa fosforasi, ambayo ni haba katika udongo wa nchi hiyo. Na mti huulipa uyoga kwa sukari iliyotengenezwa majanini. Ndiyo maana uyoga mwingi mtamu wa miombo hauoteshwi shambani: ukikata miti, uyoga huondoka nayo. Katika kutafiti habari hizi wataalamu wa Finland na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa mwaka 1995 kitabu juu ya uyoga unaolika nchini. Kazi hiyo isingewezekana bila watu wa vijijini, wengi wao wanawake, wanaojua uyoga upi unalika, upi unaua, unaota chini ya mti gani na baada ya mvua ya ngapi. Mwanamke aendaye porini na kikapu kila masika ndiye wa kwanza kujua kwamba aina fulani imepungua. Hana daftari, lakini uchunguzi wake ni wa miaka arobaini mahali pale pale. Ni wanasayansi wachache wenye mfululizo wa namna hiyo.

Tazama sasa upande wa tumbaku. Tumbaku ya mvuke hukaushwa katika bani kwa kuni, na kuni hizo kwa muda mrefu zimetoka katika miombo. Watafiti wa Tumbi, pamoja na Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Kilimo Mseto, walijaribu miti ikuayo haraka, hasa akasia iitwayo kwa Kilatini Acacia crassicarpa, yenye asili ya Australia na Guinea Mpya. Mkulima huipanda pamoja na mahindi katika miaka miwili au mitatu ya kwanza. Kisha huiacha miti ikue. Mwaka wa tano hivi huikata kwa kuni na kurudisha mahindi katika udongo uliopumzika. Kisayansi ni utaratibu mzuri. Lakini kufaulu kwake hakutegemei miti peke yake. Hutegemea nani ana haki juu ya shamba kwa miaka mitano, nani ana nguvu za kutunza miche wakati wa kiangazi, na kama kuni za msituni zinaendelea kupatikana bila bei. Haya ni maswali ambayo mkulima na mkewe wanaweza kuyajibu kabla jaribio halijaanza. Wakiulizwa mwishoni, jibu lao huitwa kikwazo. Wakiulizwa mwanzoni, huwa ni sehemu ya jaribio lenyewe.

Vivyo hivyo kuhusu nyuki. Sehemu kubwa sana ya asali ya Tanzania bado hutoka katika mizinga ya asili, na katika nchi ya Wanyamwezi mizinga mingi ni ya magome. Mtaalamu akiona mti uliochunwa gome akafa, husema mzinga wa gome ni uharibifu. Mfugaji hujibu kwamba mzinga wa mbao ni ghali, na kwamba mtu anayeishi kwa asali haruhusu msitu mzima kuteketezwa kwa mkaa. Wote wawili wana hoja. Ni miti mingapi hufa kwa mizinga katika eneo fulani, na mingapi huokolewa kwa sababu mwenye mizinga anailinda? Hilo ni swali la kuhesabu, nalo laweza kujibiwa kwa kamba, rangi na daftari, na vijana wa shule za sekondari za Tabora chini ya uongozi wa mfugaji na mwalimu wa biolojia. Kinachokosekana ni taratibu za kuihesabu kazi ya namna hiyo kuwa utafiti. Fedha hazijawa kizuizi cha kwanza.

Lugha na walioachwa nje

Kizuizi kingine ni lugha. Moja ya tafiti kubwa juu ya historia ya mji wa Tabora, kutoka mwanzo wake mpaka mwaka 1916, ni kitabu cha Karin Pallaver kilichotolewa mwaka 2010. Kiliandikwa kwa Kitaliano. Mwandishi hastahili lawama, maana kila mtaalamu huandika kwa lugha ya wasomaji wake. Lakini mwalimu wa historia wa Tabora hawezi kukisoma, na mwanafunzi wake anaendelea kufundishwa kwamba mji wake ni mahali ambapo Stanley na Livingstone walipumzika mwaka 1872. Tembe la Kwihara limehifadhiwa kwa ajili ya wageni hao wawili. Ni jambo jema, ila haitoshi mji kukumbukwa kwa wageni wake tu.

Hoja kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi imekwisha kupitwa na wakati. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Maneno yapo, yanakosa kutumiwa. Matokeo ya utafiti uliofanywa Sikonge au Urambo huchapishwa kwa Kiingereza katika majarida ya mbali, na mara nyingi mtendaji wa kata ambaye watu wake walihojiwa haoni hata ukurasa mmoja.

Kuna pia wananchi ambao hata Kiswahili cha kusemwa hakiwafikii. Shule ya kwanza ya viziwi nchini Tanzania ilianzishwa Tabora na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Mji huu, kwa hiyo, ulitangulia katika jambo ambalo leo linaitwa ushirikishi. Wachunguzi wa isimu wameeleza kwamba katika shule mbalimbali za viziwi nchini zilichipuka alama tofauti, hata ikabidi jitihada zifanywe za kuzisanifisha. Fikiria maana yake kwa sayansi. Mmenyuko wa kikemia huonekana kwa macho: rangi hubadilika, povu hutoka, chuma hupata moto. Mwanafunzi kiziwi hana upungufu wowote wa kuyatambua hayo. Anachohitaji ni alama zilizokubaliwa za asidi, oksijeni, seli na virusi, na mwalimu anayezijua. Kuzitunga alama hizo ni kazi halisi ya utafiti, inayohitaji wanasayansi, wanaisimu na viziwi wenyewe kukaa meza moja. Hakuna mji nchini wenye haki zaidi ya Tabora ya kuwa makao ya kazi hiyo.

Pingamizi na jibu lake

Watakuwapo watakaosema kwamba mji hujengwa kwa viwanda, barabara na maji, na kwamba maneno ya kushirikisha wafugaji nyuki katika utafiti ni anasa ya wasomi. Pingamizi hili lisipuuzwe. Kwa miaka mingi Tabora ilitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, na kufika kwa maji ya Ziwa Viktoria kupitia Nzega kumewafaa wakazi kuliko makala elfu moja. Barabara za lami zilizofika katika miongo ya karibuni nazo ni baraka.

Lakini historia ya nchi hiyo hiyo inaonyesha gharama ya kupanga bila kuuliza. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Urambo ilikuwa moja ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, misitu ikang'olewa, mamilioni ya pauni yakatumika, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Makosa yalikuwa mengi, na mojawapo lilikuwa kutoujua udongo na mvua. Hayo ndiyo mambo ambayo wakulima wenyeji walikuwa wakiyatazama kila mwaka. Vile vile, katika miaka ya 1920 na 1930, watu wengi wa magharibi walihamishwa na kukusanywa katika makazi maalumu kwa ajili ya kupambana na malale. Mwaka 1977 Helge Kjekshus alitoa kitabu akidai kwamba kuvurugwa kwa makazi na kazi za wakulima wakati wa ukoloni ndiko kulikoiachia mbung'o nafasi ya kuenea. Wanahistoria wamebishana juu ya hoja yake, lakini swali alilouliza halijafutika: nani aliyekuwa akiizuia mbung'o kabla ya daktari kufika? Kumshirikisha mwananchi katika utafiti, basi, si hisani. Ni njia ya kupunguza makosa ya gharama kubwa.

Yafaa pia kujifunza kutoka Leipzig jambo moja lisilo la idadi. Mji ule, ambao sasa una tena watu zaidi ya 600,000, haukuokolewa na viwanda tu. Kuanzia mwaka 2004 chama cha wakazi kilipatanisha wenye majumba matupu na watu wasio na mahali pa kufanyia kazi: mtu alipewa nyumba kwa gharama ndogo ili aitumie na kuitunza isianguke. Wasanii, mafundi na vyama vidogo viliingia. Utaratibu wa namna hiyo hauhitaji mkopo wa kimataifa. Katika mji wenye majengo ya kale ya njia ya misafara, reli na biashara ya Wahindi, nyumba moja iliyotunzwa yaweza kuwa maktaba ya utafiti wa mkoa, maabara ya asali au karakana ya lugha ya alama.

Yanayofaa kutendwa

Baraza la Taifa la Utafiti wa Sayansi, lililojulikana kama UTAFITI, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1968. Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyorithi kazi zake iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Katika zama zote mbili nchi imekuwa na chombo cha kutoa vibali vya utafiti. Chombo hicho kina uwezo ambao haujatumiwa ipasavyo: uwezo wa kuweka masharti.

Sharti la kwanza liwe kwamba utafiti wowote unaofanywa mkoani urudishe muhtasari wa Kiswahili, ukahifadhiwe katika maktaba ya mkoa na kusomwa katika mkutano wa kijiji uliohusika. La pili, kwamba watu waliotoa maarifa ya msingi watajwe kwa kazi yao, kama wakipenda, wala wasifichwe chini ya jina la jumla la watoa habari. La tatu, kwamba sehemu ya vipimo na vielelezo ibaki Tabora na kuchambuliwa Tabora, ili fundi wa maabara wa hapo apate kazi na ujuzi. La nne, ambalo ni zito kuliko yote, ni kwamba kabla ya fedha kutolewa kuwe na kikao mjini hapo ambamo mkulima, mfugaji nyuki, muokota uyoga, mwalimu na mwakilishi wa walemavu wana kura juu ya swali litakaloulizwa.

Hatua hizi hazitaifanya Tabora kuwa mji mkubwa kuliko yote kama ilivyokuwa zamani, wala hakuna haja. Mwaka 2006 Tanzania iliandikisha njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, pamoja na vituo vyake sita kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, Kwihara ikiwamo. Kumbukumbu hiyo inastahili. Lakini njia ya misafara ilikuwa pia njia ya maarifa, na sehemu hiyo ya urithi haiwezi kuhifadhiwa kwa kuta na paa tu.

Reli mpya ya kiwango cha kimataifa, ambayo mwaka 2024 ilianza kubeba abiria hadi Morogoro na kisha Dodoma, inaendelea kujengwa kuelekea Tabora, Isaka, Mwanza na Kigoma. Itafika, na itafupisha safari. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Tabora ina miti, na wajenzi inao pia, ila wengi wao hawajaitwa kwenye ujenzi. Somo la mwaka 1912 ni kwamba mji unaoishi kwa kupitiwa hupoteza kazi yake siku wasafiri wanapopata njia ya kupita upesi. Kabla ya behewa la kwanza kufika, yafaa mkoa na Tume waketi na kuamua ni nini kitakachomfanya mtafiti ashuke Tabora, na ni nani atakayempokea stesheni akiwa na swali lake mwenyewe mkononi.